Makovu ya Upande wa Kulia

Zdislava alinipigia simu Ijumaa usiku.
Alikuwa ametoka kulijaribu jipya, dukani:
milango minne, fupi, jeusi,
lanukia kama kiatu kisichokanyaga chini,
na bei yake ni mshahara wa miaka mitatu
wa nesi wa zamu ya usiku.
Kipya kinyemi, nikamwambia, na mkopo ndio kidonda.
Akacheka. Akanitumia anwani nyingine:
Brno, upande wa Židenice,
la miaka kumi na mmoja, mwenyewe mmoja tu.

Kazi yangu ni kutoamini.
Nina tochi, kioo chenye mpini, kipimo cha rangi,
na kitambaa cha kupangusia oili za watu.
Kizuri chajiuza, husema wasionunua magari.
Mimi nimeviona vizuri vikijiuza
na maji ya mafuriko chini ya zulia.

Bwana Kvapil alitungoja uani bila kofia,
theluji ikimtua kichwani naye haipangusi.
Nikaanza na boneti: rangi ya kiwandani.
Nikalala chali juu ya gazeti:
kutu kidogo, kutu halali, ya chumvi ya Januari.
Shokomzoba za nyuma zimechoka.
Diski za breki zimelika.
Silinda sita zikaamka kwa mpigo mmoja,
zikakohoa, zikatulia ndani ya mlio wao.

Kushoto, safi kama shati la Jumapili.
Kulia,
rimu ya mbele imekwaruzwa, ya nyuma imekwaruzwa,
kioo cha pembeni si kile lilichozaliwa nacho,
na mlangoni mstari mrefu
uliofunikwa kwa brashi, kwa mkono wenye wasiwasi.
Yote upande mmoja. Yote mapya.
Nikainua macho. Mzee alikuwa akinitazama
kwa kugeuza kichwa,
kama kuku anavyoitazama punje.

Nikaelewa. Sikuandika.

Zdislava akashika usukani, mzee akakaa kando yake,
mimi nyuma, magoti kidevuni
(waliolichora gari hili hawakuwa na marafiki).
Tukashika barabara ya Bílovice, msituni.
"Tramu," mzee akasema, hakuna aliyemuuliza.
"Miaka thelathini na mmoja. Unaongeza, unapunguza, basi.
Reli ndiyo inayojua mwendako.
Nilipostaafu nilitaka kitu kimoja:
kona niliyoichagua mwenyewe."

Kisha akafumba macho.
"Gia ya tatu. Sasa hivi."
Hatujaona chochote ila misonobari.
"Kushoto, inabana mwishoni. Usimkanyagie breki, mwache."
Kona ikaja, ikabana mwishoni.
Gari likainama kidogo tu, likanyooka,
na nesi wa zamu ya usiku akatoa sauti
ambayo dukani hakuitoa.

Tuliporudi uani akaniuliza, "Vipi?"
Fomu yangu ina visanduku arobaini na viwili.
Nikasema breki, nikasema shokomzoba,
nikasema mwombe apunguze elfu ishirini na nane.
"Na haya makwaruzo?"
"Hayo ni rangi tu," nikajibu,
nami kwa miaka kumi na sita sijadanganya mteja.

"Si rangi tu," alisema mzee.
"Yapunguzie nayo. Jicho la kulia lilizimika Machi,
nikaendelea hadi Septemba, kwa kiburi.
Kioo kile kilimgusa kijana wa baiskeli.
Hakuanguka.
Nilirudi nyumbani mwendo wa mguu
nikatia funguo kwenye mtungi wa sukari."

Hakuna aliyesema kitu. Theluji, basi.
Zdislava akatoa kalamu, akapunguza na hayo,
hakumwonea huruma hata koruna moja,
na mzee akatikisa kichwa, kana kwamba hatimaye
kuna mtu aliyemtoza faini.

Funguo zilikuwa bado na chembe za sukari.
"Kisanduku cha glavu," akasema, akizitoa mkononi,
"hakifunguki bila ngumi. Hapa, pembeni. Si kwa nguvu."

Hilo nikaliandika.